Filamu ya pili ndiyo mtihani: maisha ya mtengenezaji filamu huru wa Kimarathi

Mkuu, umeuliza kwa nini mtu wa Maharashtra, jimbo la India lenye jiji la Mumbai, ang'ang'anie kutengeneza filamu za Kimarathi, lugha ya jimbo hilo, wakati Bollywood yenye filamu za Kihindi iko palepale Mumbai, na kwamba huyo mtu anakula wapi. Nimesoma Pune, jiji jingine la jimbo hilo, na kwa muda mrefu nilipanga chumba pamoja na kijana aliyekuwa msaidizi wa sauti kwenye filamu hizo. Hawa watu nimewaona wakiwa kazini na nimewaona wakiwa hawana kazi, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu.

Shida yao kubwa ni ujirani. Mtengenezaji filamu wa Kitamil analindwa kidogo na lugha, kwa sababu Kihindi hakijashika sana kule kwao kusini mwa India. Mmarathi yeye anakisikia Kihindi vizuri tangu utotoni. Kwa sensa ya 2011 wenye Kimarathi kama lugha ya mama walizidi milioni 80, lakini Ijumaa filamu mpya zinapotoka, hao hao ndio wanaopanga foleni kumwona Salman Khan, staa wa Bollywood. Filamu ndogo ya kijijini inagombea tiketi ileile.

Kuna Ijumaa moja sitaisahau. Mwongozaji mmoja, rafiki wa mwenzangu wa chumba, filamu yake ilipangiwa onyesho la saa nne asubuhi, watu wote wako makazini. Tulimkuta kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya jengo la sinema, glasi ya chai imepoa mbele yake, anapigia simu wajomba, wanafunzi aliosoma nao, mpaka fundi aliyemshonea mavazi ya waigizaji, akiwabembeleza waje. Alijua tiketi zikiuzwa chache onyesho litafutwa, na wiki ijayo nafasi ile itapewa filamu ya Kihindi. Ndani, bango lake lilikuwa limesimamishwa nyuma ya mashine ya bisi. Kazi ya miaka, na hatima yake inaamuliwa kati ya Ijumaa na Jumapili! Serikali ya jimbo inazitaka kumbi kubwa zionyeshe filamu za Kimarathi, na mwaka 2015 palizuka mvutano mkubwa ilipotaka zipewe saa nzuri za jioni. Mimi naunga mkono sharti hilo kwa moyo wote, ila peke yake halitoshi.

Kuhusu fedha: jimbo linatoa ruzuku, lakini filamu lazima kwanza ikamilike, ikaguliwe na kamati na kupewa daraja. Maana yake mkopo unautangulia msaada. Ndiyo maana filamu ya kwanza karibu kila mara inasimama juu ya mabega ya mtu mmoja anayekuamini. Mwongozaji Chaitanya Tamhane alipokuwa anaandika filamu yake ya kwanza, *Court*, rafiki yake Vivek Gomber alimlipa posho ya kila mwezi ili aandike tu, kisha akawa prodyuza, kisha akacheza wakili wa utetezi ndani ya filamu yenyewe. Mwaka 2014 ikashinda tuzo kwenye tamasha la filamu la Venice, Italia, halafu ikapata tuzo ya taifa ya filamu bora.

Sasa hapa ndipo watu wengi hawaelewi. Wanadhani ukishapata tuzo mambo yamenyooka. Sandeep Sawant mwaka 2004 alichukua tuzo ya taifa ya filamu bora kwa *Shwaas*, habari ya babu anayempeleka mjukuu wake hospitali na kuambiwa kwamba ili mtoto apone lazima apoteze macho. Kimarathi kilikuwa hakijapata tuzo hiyo tangu *Shyamchi Aai*, nusu karne nyuma. Ilipoteuliwa kuiwakilisha India kwenye Oscar, wananchi wa kawaida walichangishana fedha za kuipigia kampeni kule Marekani. Filamu yake iliyofuata, *Nadi Vahate*, ilitoka 2017. Miaka 13, mkuu! Hata Tamhane alikaa miaka 6 kabla ya *The Disciple*, filamu yake ya pili, na yeye alikuwa na Alfonso Cuarón, mwongozaji maarufu wa Meksiko, nyuma yake.

Hapo katikati wanaishi kwa matangazo ya biashara, kufundisha, kuandika tamthilia za televisheni. Wengine hawarudi tena.

Aliyevunja huo mwiko wa filamu ya pili ni Nagraj Manjule, Mdalit (mtu wa tabaka linalobaguliwa India) kutoka Jeur, wilaya ya Solapur. *Fandry* ya 2013 ilimtangaza, na *Sairat* ya 2016 ikaingiza zaidi ya rupia bilioni 1, jambo ambalo filamu ya Kimarathi haikuwahi kulifikia. Hakuwafuata mastaa. Alichukua vijana wasiojulikana na kuwaacha waongee lafudhi ya kwao, ile ambayo watu wa Pune wamezoea kuidharau. Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la kwanza. Ukihamia Kihindi unapata bajeti, lakini yule mtoto wa Solapur anapotea kwenye picha, na hakuna mwingine atakayekuja kumtengenezea filamu. Manjule mwenyewe baadaye alifanya filamu ya Kihindi na Amitabh Bachchan, na haikuuza hata karibu na *Sairat*.

Mwaka 2025 Rohan Kanawade, mtoto wa dereva aliyekulia mtaa wa mabanda Mumbai, alishinda tuzo kuu ya filamu za hadithi za kimataifa kwenye tamasha la Sundance, Marekani, kwa *Sabar Bonda*. Hakusomea filamu chuoni, alisomea usanifu wa ndani ya nyumba. Nimefurahi mno, na papo hapo nimeanza kumhofia kuhusu filamu ya pili.

Ukitaka kuanza kuziangalia, anza na *Fandry*, umalize mpaka ile dakika ya mwisho ya jiwe. Kisha *Court*, lakini siku usiyo na haraka, maana inakwenda kwa mwendo wa mahakama yenyewe. *Sairat* iweke wikiendi, ni karibu saa tatu.