Muulize Mama Taipu: Kabla hujapigiwa windo

Barua za safari hii nimezisomea kibandani kwangu Chikongola, hapa Mtwara, mvua inapiga bati na umeme umekwenda na kurudi mara tatu kabla ya adhuhuri. Kwa wasomaji wageni: nilikuwa karani mpiga chapa. Nilianza na mashine ya chuma, ile ambayo ukikosea herufi moja umekosea na nakala zote za kaboni chini yake. Vijana wa ofisini ndio walionibatiza Taipu. Siku hizi nimestaafu, natoa fotokopi, naprinti, na nasikiliza magonjwa ya kompyuta za watu.

Barua ni sita. Tatu zina sentensi ileile: "fundi amesema ipigwe windo," yaani Windows, mfumo unaoendesha kompyuta, ifutwe na kuwekwa upya. Kichwa kikiuma, windo. Mguu ukiuma, windo. Tuanzie hapo.

*Shikamoo Mama Taipu. Laptopu yangu niliinunua ikiwa imeshatumika. Nikiiwasha naweza kuchemsha chai, nikainywa, nikarudi nikaikuta bado inazunguka. Mitihani yote ya watoto imo humo. Fundi anataka elfu thelathini apige windo. Nimpe? — Mwalimu, Tandahimba*

Marahaba, mwanangu. Usimpe, walau si wiki hii.

Kwanza nikuulize: unaizimaje? Wengi wetu tunabonyeza "Shut down" tukidhani mashine imelala fofofo. Tangu Windows 8, ukizima kwa njia hiyo mashine huhifadhi sehemu ya kazi zake ili kesho iamke haraka, na uchafu wa jana unaamka nayo. Ukichagua "Restart" ndipo inapoanza upya kweli. Kuna watu wamenijia na laptopu ambayo haijawahi kupigwa "Restart" miezi mizima. Nimeipiga mbele yao, wakaondoka bila kunilipa, na wala sikuwadai.

Ikiwa bado nzito, shika Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha nani anakula nini ndani ya mashine. Likiwa dogo, bonyeza "More details" chini yake. Tafuta palipoandikwa "Startup". Hapo utawaona wageni wote wanaoingia nyumbani kila ukifungua mlango: programu ya kupiga simu za video, ya muziki, ya printa uliyoiuza zamani. Usiyemhitaji asubuhi, mbonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Disable". Hujamfuta, umemwambia tu asije mpaka aitwe. Antivairasi iache.

Halafu tazama nafasi. Ingia Settings, kisha System, kisha Storage. Diski ikijaa mpaka pomoni mashine haina pa kugeukia. Futa mafaili ya muda, lakini fungua macho: kwenye orodha hiyo ya vya kufuta kuna mstari wa "Downloads". Ukiuwekea tiki unafuta kila ulichowahi kupakua, mitihani ya mikoa mingine ikiwemo. Mstari huo upite kama hujauona.

Ukifanya yote hayo na bado chai inapoa, rudi kwenye dirisha la Ctrl, Shift na Esc, upande wa "Performance". Ikiwa diski imekaa asilimia 100 muda wote na wewe hujafungua chochote, ugonjwa ni diski yenyewe. Laptopu nyingi za mtumba zina diski ya zamani yenye sahani inayozunguka na kijisindano kinachohangaika huku na huku kutafuta mafaili. Diski ya SSD haina kinachozunguka. Kubadilisha hiyo ndiyo dawa iliyowahi kunishangaza mimi mwenyewe. Laptopu ileile, memori ileile, ikawaka kabla sijakaa vizuri kitini. Elfu thelathini yako iweke akiba ya SSD. Na fundi akikuahidi kukuwekea Windows 11, muulize kwanza kama mashine inaikubali. Inataka memori ya GB 4, diski ya GB 64, na kijichipu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 ambacho mashine za zamani nyingi hazina. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo swali la mashine ya zamani litakurudia tu.

Sisemi windo ni haramu. Nasema waulize: mafaili yangu yatakaa wapi wakati unapiga? Ikiwa fundi hana jibu, funga laptopu yako urudi nyumbani. Mama yangu alinitajia ukoo wetu jioni baada ya jioni, nani kazaliwa na nani, mpaka wale waliobaki ng'ambo ya Ruvuma. Niliupiga chapa, kurasa kumi na nne. Laptopu ikawa nzito, nikaipeleka kwa fundi mmoja, akanirudishia ina picha mpya ya maua kwenye kioo. "Imekuwa mpya, mama." Nilipofungua folda, kweli ilikuwa mpya. Mama alikuwa ameshatangulia. Nimeandika upya ninayoyakumbuka, yamefika kurasa tano.

*Mama Taipu, habari za kazi. Mimi ni karani wa chama cha msingi. Uzito wa korosho za wakulima ninao kwenye flashi. Juzi niliipeleka steshenari kuprinti, niliporudi kila folda imekuwa na kijimshale, nikibonyeza haifunguki. Flashi inasema imejaa lakini sioni kitu. Wakulima wataninyonga. — Karani, Newala*

Hawatakunyonga, kilo zao zipo. Flashi inayosema imejaa ina kitu ndani, huo ni ushahidi wako wa kwanza. Virusi wa namna hii hawafuti mafaili, wanayaficha na kuweka vivuli vyake mbele. Ukibonyeza kivuli, unamfungulia kirusi aingie kwenye kompyuta yako pia. Kwa hiyo tangu sasa usibonyeze kijimshale hata kimoja.

Chomeka flashi. Fungua This PC, tazama imepewa herufi gani, tuseme ni E. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Kitatokea kioo cheusi, usikiogope, mimi nilikuwa nafanyia kazi vioo kama hivyo kabla hujazaliwa. Andika hivi, nafasi kwa nafasi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Kama herufi yako si E, weka yako. Bonyeza Enter, subiri mpaka mstari mpya utokee. Fungua flashi kwa kupitia This PC, utaona folda zako halisi zimerudi, pengine zote zimo ndani ya folda moja isiyo na jina. Nakili mafaili ya kazi peke yake uyaweke kwenye kompyuta. Vijimshale, na faili lolote usilolijua linaloishia na .vbs au .js, viache hukohuko. Kisha flashi iformati, yaani ifute yote. Ndiyo, nimesema iformati, mimi mwenyewe, leo na mbele ya wasomaji wote. Flashi imeshatoa mzigo, haina cha kupoteza. Baada ya hapo fungua Windows Security, uiambie ikague kompyuta nzima.

Kosa la steshenari tunalibeba wote. Mashine ya dukani ni kama kata ya mtungini, kila mgeni anainywea. Ya kwangu naikagua kila jioni na bado sikuapii. Ukienda kuprinti, nenda na faili moja la kuprinti, kwenye flashi isiyo na kitu kingine. Na wewe mtu wa korosho hupaswi kufundishwa na mimi tofauti ya kikapu na ghala. Flashi ni kikapu. Msimu mzima wa minada unaulaza vipi kikapuni? Weka nakala kwenye kompyuta ya chama, na nyingine kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini, ichomekwe siku ya kunakili tu.

*Bibie, kompyuta yangu ya mezani kila nikiiwasha inadai huu ni mwaka 2009. Intaneti nayo inanikatalia kurasa zote, inasema muunganisho si salama. Fundi kasema windo. — Mzee wa pwani, Mikindani*

Shikamoo, mzee wangu. Ni betri. Ndani ya kompyuta kuna kibetri cha duara kama sarafu, kimeandikwa CR2032, cha volti 3. Ndicho kinachoiwekea mashine saa wakati umeme haupo. Kikiisha, saa inarudi nyuma. Kurasa za intaneti zina hati zenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na mashine inayoamini ni 2009 inaziona hati hizo zote bado hazijaanza, basi inakataa kuingia.

Zima, chomoa waya ukutani, fungua ubavu, kitoe taratibu na uweke kipya upande uleule wa maandishi juu. Kisha rekebisha tarehe. Kwa kuwa upo Mikindani na upepo wa chumvi unaingia mpaka chumbani, tazama na kile kikalio cha betri kama kimeshika kutu. Nimefungua kompyuta za Shangani ambazo skrubu zake zilikuwa zinakatika kama mifupa ya dagaa. Isogeze mbali na dirisha la baharini, na usiifunike nailoni ikiwa bado ya moto, inatoa jasho.

*Mama, nikiwasha hotspoti ya simu niangalie barua pepe tu kwenye laptopu, bando linaisha kabla sijafungua ya pili. Kuna mtu ananiibia? — Binti wa Mitwero, Lindi*

Mwizi ni laptopu yenyewe. Ikiona waifai inadhani umejenga nyumba Ulaya, inaanza kuvuta apdeti na kupandisha picha zako OneDrive, ghala la mtandaoni la Microsoft, bila hodi. Ukiwa umeunganishwa, ingia Settings, Network & Internet, Wi-Fi, fungua mtandao wa simu yako, uwashe "Metered connection". Hapo umeiambia kwamba kila MB ina bei. Mambo makubwa mengi itayasubirisha. Kwenye ukurasa uleule wa Network & Internet pana "Data usage", inakutajia programu moja moja na ilichokula. Itazame kabla hujamtuhumu jirani.

Lakini usizisubirishe apdeti milele, ndizo zinazoziba matundu wanayopitia wale virusi wa karani. Tafuta siku moja kwa mwezi kwa ndugu mwenye waifai ya nyumbani. Chukua na ming'oko umpelekee, usiende mikono mitupu.

*Huku kwetu umeme ukikatika napoteza kazi yote niliyoandika, naanza tena kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nina kompyuta ya mezani. Ninunue stabilaiza? — Mtendaji, Masasi*

Stabilaiza inatuliza umeme unaopanda na kushuka. Umeme ukiondoka, nayo imeondoka. Unachotaka wewe ni UPS, ile yenye betri ndani, ikupe dakika chache za kusevu na kuzima kwa heshima. Usichomeke printa ya leza kwenye upande wa betri, inavuta moto mwingi kwa mkupuo.

Kabla hujapata hela ya UPS: lipe faili jina na ulisevu tangu mstari wa kwanza, kisha Ctrl na S kila ukimaliza aya. Mimi mkono wangu unafanya wenyewe, hata nikiandika orodha ya sokoni. Kwenye Word, ingia File, Options, Save. Utakuta imepangwa kujiwekea nakala ya dharura kila dakika 10, weka 2. Na mvua za radi zikianza, kuzima swichi hakutoshi. Chomoa waya ukutani, na wa intaneti kama upo.

*Mama Taipu nisa5die, 25bodi yang4 50erogwa. Jina 3ang4 3inaandi2wa hivi. F4ndi anata2a 24piga windo. — 140a, Nanyamba*

Juma, mwanangu, umenichekesha mpaka mteja akageuka, hata kama katikati umechanganya mwenyewe. Kibodi ya laptopu ndogo imeficha namba chini ya baadhi ya herufi: J ni 1, U ni 4, M ni 0. Kuna kitufe kimewashwa. Tafuta palipoandikwa NumLk au Num, mara nyingi mstari wa juu kulia. Kibonyeze mara moja. Kikigoma, shika Fn kwanza halafu ukibonyeze.

Hela ya fundi, nunua vocha.