Maswali ya Wasomaji: Kisanduku cha jiokashi wakati wa baridi

SWALI: Ndugu wahariri, nina kisanduku cha jiokashi, ule mchezo wa kutafuta kitu kilichofichwa kwa kufuata namba za GPS. Kiko kando ya njia ya porini wanakopita wanafunzi na wabeba makala wenye velo. Tangu Juni daftari la ndani, wanamojiandika wanaokipata, linalowa, na mvua hakuna. Tena naogopa moto wa majani. Nifanyeje?
Msomaji, Annexe, Lubumbashi

JIBU: Ndugu msomaji, huo ni umande, na kisanduku chenyewe ndicho kinachouvuta. Mwezi huu mchana hufika nyuzi 25 hivi, usiku hushuka chini ya 10. Hewa ya ndani hupanuka mchana ikatoka, usiku husinyaa, na chombo cha lita 1 kisichobana vizuri huweza kuvuta kama mililita 50. Umande ukiwa umetuama kwenye mpira wa mfuniko, kinachoingia ni maji. Kagua mpira huo kwa kidole, pembe kwa pembe: punje moja ya mchanga, au kona ya mfuko wa daftari iliyobanwa na mtu mwenye haraka, yatosha.

Kipime. Futa mpira, weka ndani karatasi kavu ya chooni, funga, kiache juani kipate moto, kisha kizamishe kwenye ndoo ya maji baridi kwa nusu saa, jiwe juu yake. Karatasi ikilowa, tafuta chombo chenye vibanio vinne. Kukirudisha, kilaze juu ya mawe mawili, mfuniko chini. Andikia penseli, wino wa kalamu huyeyuka kwa unyevu.

Kuhusu moto, usifyeke majani kukizunguka, maana utakuwa umewaonyesha wapita njia pa kutazama. Kihamishie penye mawe matupu. Tovuti ya mchezo hukuruhusu kubadilisha namba ukihama si zaidi ya mita 161. Ukizidi hapo, mwandikie kwanza mhakiki wa tovuti. Kichuguu kikubwa kinavutia, lakini mafundi wa matofali huchimba udongo wake, na kisanduku kitaondoka nao. Wewe mwenyewe usichimbe popote: kanuni zinakataza kufukia.

Sasa njia yenyewe, ambayo si ya wachezaji peke yao. Omba ruhusa kwa mwenye shamba au chifu, na umfungulie aone. Chombo kiwe cha plastiki angavu, kimeandikwa kwa Kiswahili na Kifaransa kwamba ni mchezo na hakina hatari. Yale makopo ya jeshi ya kuwekea risasi, yanayopendwa na wachezaji wa Marekani, yasionekane kabisa kwenye nchi yetu. Na waambie wanaokuja kutafuta wasijifiche watu wakipita. Mtu aliyeinama kichakani kimya hudhaniwa mwizi. Wasalimu, waeleze.

SWALI: Kaka yangu yuko Montréal, kisanduku chake kiko kwenye njia ya msituni yenye theluji. Kuna tofauti?
Msomaji, Kampemba

JIBU: Ipo. Nyayo kwenye theluji humpeleka kila mtu moja kwa moja mafichoni, kwa hiyo apitie pande mbalimbali. Akitundike usawa wa kifua cha mtu, theluji isikifunike. Mfuniko ukigandiana na barafu, aushike mikononi barafu iyeyuke taratibu. Plastiki ya baridi ikilazimishwa hupasuka. Na pale waendao kwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, wamechongewa mifereji yao miwili, atembee pembeni: shimo la kiatu likiganda humwangusha anayefuata.