Barua kwa Mwanangu: Kabla Wanafunzi Wako Hawajaingia Wodini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unauliza kwa nini wanafunzi wako wa utabibu wa miguu, ambao kliniki ya chuo huwaona wakiparua sugu na kutoa kucha zilizoota ndani ya nyama kwa ustadi, hupigwa na bumbuwazi wanapokabidhiwa mgonjwa aliyelazwa, na uwafanyie nini katika majuma machache yaliyobaki.

Kliniki mgonjwa huja akitembea, hueleza panapomuuma, kisha huvaa viatu vyake akaondoka. Wodini mguu umefunikwa shuka, na mwenye mguu huenda amechanganyikiwa kwa homa, au figo zake zimeanza kushindwa, au amelazwa kwa ugonjwa wa moyo na hakuna aliyekumbuka kumvua soksi. Mwanafunzi aliyezoea kuanza na kidonda hujikuta ameanzia katikati ya habari. Kwa hiyo mzoeze kuanza na faili: sukari ya damu ya siku zilizopita, hali ya figo, na dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo lazima azijue kabla hajagusa kisu. Halafu amtazame mgonjwa mzima. Wekundu uliotambaa sentimita 2 au zaidi kutoka ukingoni mwa kidonda unatosha kumtia wasiwasi. Lakini ikiwa mguu wenye maambukizi unaambatana na mapigo ya moyo yanayozidi 90 kwa dakika na pumzi zinazozidi 20, hilo si suala la kubadilisha bandeji, ni la kumwita daktari wa zamu papo hapo. Wasisitizie pia kwamba mwenye kisukari anaweza kuwa na usaha ndani kabisa ya wayo bila homa yoyote, hivyo joto la kawaida lisiwape utulivu wasiostahili kuwa nao.

Vipimo wanavijua, lakini wanaviamini kupita kiasi. Wamefundishwa kuligawanya shinikizo la damu la kifundo cha mguu kwa lile la mkono, na kwamba jibu lililo chini ya 0.9 huonyesha mishipa iliyoziba. Waambie kwamba kwa wagonjwa wengi wa kisukari na wa figo mishipa imekakamaa kwa chokaa, haibanwi na kifaa, na jibu hutoka zuri, pengine zaidi ya 1.4, ilhali vidole havipati damu. Hapo ndipo shinikizo la kidole gumba cha mguu linapopaswa kupimwa.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipa uzito kuliko yote. Nilipokuwa mgeni wodini nilipewa mama mmoja mwenye kidonda kwenye mguu wa kulia. Nilikisafisha vizuri, nikakifunga vizuri, nikaandika maelezo marefu. Mguu wa kushoto sikuufunua. Siku chache baadaye kisigino chake cha kushoto kilikuwa cheusi, kwa kuwa alikuwa amekilalia wakati wote huo bila kuhisi lolote. Hakuna aliyenilaumu, kwani sikuwa nimeagizwa kuutazama mguu ule. Mimi mwenyewe sijaacha kuufikiria. Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, alionyesha kwamba nyama ya wagonjwa wa ukoma haikuwa ikioza yenyewe, bali walikuwa wakijiumiza kwa kukosa maumivu ya kuwaonya. Kisigino kilichokufa ganzi juu ya godoro ni habari hiyohiyo.

Kwa hiyo nakuomba uwafanyie zoezi hili. Kila mwanafunzi alale chali kwenye kitanda cha hospitali, visigino vikiwa juu ya godoro, akae saa nzima bila kusogeza miguu. Sidhani kama yupo atakayeweza, na atakaposhindwa mweleze kwamba kule kuhangaika kwake ndiko kunakomlinda, na kwamba mgonjwa aliyeshindwa kuusikia uzi wa kupimia ganzi, ule unaobonyeza kwa nguvu ya gramu 10, kwenye wayo wake hahangaiki. Baada ya hapo awekewe mto chini ya mashavu ya miguu, visigino vikae hewani, ajionee jinsi mzigo unavyohama. Atakapoingia wodini atafunua miguu yote miwili bila kukumbushwa.

Wafundishe pia kusema na wauguzi. Muuguzi ndiye anayemgeuza mgonjwa usiku, na agizo la kuinua visigino lililoandikwa kwa lugha ya kitaaluma ukurasa wa nne wa faili halitamfikia. Mwanafunzi aseme kwa mdomo wakati wa kukabidhiana zamu: mgonjwa ni nani, ana nini, ninahofia nini, ninaomba nini. Wafanye mazoezi ya sentensi hizo darasani, hata kama wataona haya, maana mwanafunzi mwenye haya hunyamaza mbele ya daktari bingwa hata akiwa ameona kitu.

Kuhusu swali lako la mwisho, la kuwaruhusu kukata nyama iliyokufa juma la kwanza: mimi nisingewaruhusu. Juma hilo waamkie wodini, wamsaidie muuguzi kuosha na kugeuza wagonjwa, na jioni kila mmoja akuletee orodha ya visigino alivyovitazama na hali aliyovikuta nayo.

Mama yako akupendaye.