Maswali yenu: klova, kondoo na mbegu

Nilipanda klova nyeupe ya majani makubwa. Mwaka wa kwanza ilijaa shamba, sasa ni wa tatu na imebaki vipande vipande. Niliuziwa mbegu mbovu? – Msomaji, Kinangop

Huenda mbegu haina kosa. Klova, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, huanza na mzizi mkuu mmoja, na huo hufa baada ya mwaka mmoja au miwili. Kuanzia hapo mmea huishi kwa mashina yanayotambaa ardhini na kutoa mizizi kwenye mafundo, kama marando ya viazi vitamu. Aina za majani makubwa, mfano Ladino ya kaskazini mwa Italia, huwa na mashina machache, manene. Kondoo wakiyatafuna au kwato zikiyakata, hakuna la kuziba pengo. Klova ya mwitu ya Kent, Uingereza, ina majani madogo na lishe yake si nyingi, lakini mashina yake yamefumana kama mkeka. Hiyo haing'oki kirahisi.

Wazalishaji wa mbegu wanataka jani kubwa na mkeka kwa pamoja, na mara nyingi kimoja kikizidi kingine hupungua. Ndiyo maana siamini sana mavuno yaliyopimwa kwa mashine ya kukatia nyasi. Mwulize muuzaji: aina hii ilijaribiwa chini ya meno ya mifugo, na kwa miaka mingapi? Huko Aberystwyth, Wales, watafiti waliichanganya klova nyeupe na klova ya Kaukazi, ambayo mashina yake hupita chini ya udongo. Wakapata chotara iitwayo AberLasting, yenye mashina ya juu na ya chini. Kwato zikiharibu ya juu, ya chini yapo.

Nikivuna mbegu zangu mwenyewe nitapata klova ileile? – Msomaji, Njombe

La. Ua la klova kwa kawaida halikubali chavua yake lenyewe. Lazima nyuki alete ya mmea mwingine. Hata aina unayonunua dukani ni ukoo mzima, si mmea mmoja: wazazi kadhaa walioteuliwa, wakaachwa wachavushane mbali na klova za jirani.

Ni kweli inafurisha ng'ombe tumbo?

Kweli, hasa akiingia na njaa asubuhi yenye umande. Mpe nyasi kavu kwanza.

Kwa nini tuhangaike na ya Ulaya, hatuna yetu?

Tunayo! Trifolium semipilosum, klova nyeupe ya Kenya, huota yenyewe nyanda za juu katikati ya nyasi ya kikuyu. Waaustralia waliichukua, wakaitoa kama aina iitwayo Safari. Ila ina bakteria wake, wale wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi na kuipatia klova naitrojeni kutoka hewani. Wale wa klova ya Ulaya hawaifai, kwa hiyo usipake mbegu zake dawa yoyote ya bakteria utakayoikuta dukani. Ukitaka kujua kama klova na bakteria wamekubaliana, ng'oa mche taratibu, pasua kinundu cha mzizi kwa ukucha. Ndani kikiwa cha waridi, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, klova hiyo inanyang'anyana naitrojeni na nyasi zako.