Uwanja mdogo wa diski gofu: anzia kwenye kikapu

Diski gofu ni mchezo wa kurusha diski hadi iingie kwenye kikapu chenye minyororo kwa mirusho michache iwezekanavyo, na kila njia kutoka mahali pa kuanzia hadi kikapu chake huitwa shimo. Ukimwambia mchezaji wake kwamba uwanja una mashimo tisa tu, na mengi hayafiki mita 90, mara nyingi atauchukulia kama mahali pa kupasha misuli. Mimi nimecheza sana viwanja vya aina hiyo na navipenda kwa dhati. Uwanja mpana wa wazi humbeba mwenye mkono wenye nguvu. Uwanja mdogo wenye miti, mteremko, kijito na kona humbana kila mtu, na ndipo unapojua nani anafikiri kabla ya kurusha.

Ushauri wangu mkubwa ni kupanga kila shimo kuanzia kikapuni kurudi nyuma. Kabla hujatoa diski kwenye begi, tembea mbele kidogo ukitazame kikapu kilivyokaa. Je, kiko ukingoni mwa mteremko? Nyuma yake kuna maji? Upande gani diski ikianguka itatulia, na upande gani itasimama kwa ukingo wake na kubiringika hadi bondeni? Ukishajua unataka kumalizia ukiwa umesimama wapi, mrusho wa kwanza karibu unajichagua wenyewe.

Chukua shimo la mita 65 hivi: unapita katikati ya miti miwili iliyokaribiana, njia inakata kulia, na kikapu kiko hatua chache kutoka ukingo wa bonde. Kwa anayetumia mkono wa kulia, bekihendi ya kawaida (mrusho ambao mkono unapita mbele ya kifua) huishia kushoto kasi inapopungua, yaani inakwenda kinyume na njia. Fohendi (mrusho wa pembeni, upande wa mkono unaorushia) huishia kulia, kwa hiyo hapo ndiyo chaguo langu, kwa diski ya masafa ya kati, chini chini, bila kukaza mkono. Wala silengi kikapu chenyewe. Nalenga mahali ambapo mrusho wa kumalizia utapita sambamba na ukingo, usielekee bondeni. Ukikosa ukiwa umeelekea bondeni, utarusha tena kutoka mbali zaidi ya ulipokuwa.

Diski za masafa marefu ziache begini. Diski nyingi zina namba nne: kasi, kuelea, kugeuka mwanzoni ikiwa bado na kasi, na jinsi inavyokata upande wa pili mwishoni. Yenye kasi ya 12 ikirushwa polepole haifanyi kazi iliyotengenezewa. Inakata mapema na kuangukia vichakani. Ya kumalizia, yenye kasi ya 2 au 3, huenda moja kwa moja kwa mrusho laini na haitelezi sana ikitua. Kwenye uwanja mfupi hiyo hiyo inafaa hata kuanzia shimo.

Upepo nao usiudharau kwa sababu umbali ni mdogo. Ukivuma usoni, diski huinuka na kugeuka zaidi kuliko ulivyokusudia. Ukivuma kutoka nyuma, huzama na kukata mapema. Kijito kikihesabiwa nje ya mipaka, kutua humo ni adhabu ya mrusho mmoja, kwa hiyo mara nyingi naona heri kutua upande wa huku kisha kuvuka kwa mrusho mfupi wa uhakika.

Ndani ya mita 10 kutoka kikapuni, sheria inakutaka udhibiti mwili wako nyuma ya alama ya diski yako, yaani pale ilipotua, kabla ya kusogea mbele. Kwenye ardhi tambarare hulioni hili. Kwenye mteremko ndilo linaloamua. Panua miguu, weka uzito kwenye mguu ulio imara, kisha rusha mara moja au mbili kwa mawazo tu ili ujue kama utayumba. Ukihisi unavutwa mbele, piga goti moja chini. Na usirushe kwa hasira: minyororo imewekwa ili imeze nguvu ya diski, lakini iliyokuja kwa kasi kubwa hupenya au kurudishwa nje. Mimi hulenga kiungo kimoja cha mnyororo, sitazami kikapu kizima.

Jambo la mwisho ni la usalama. Kwenye viwanja vidogo njia za mashimo hukaribiana, wakati mwingine hukatana, na nyuma ya kona huoni kitu. Tuma mwenzako mmoja mbele asimame pembeni, msirushe mpaka ainue mkono, na kundi la nyuma likiwa na haraka kuliko nyinyi, lipisheni.