Foku Iliyopinda Si Kasoro

Nilikuwa natoka Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na samaki kwenye keria, giza limeanza kuingia, nikatumbukia kwenye shimo ambalo hata mchana nisingeliona. Mimi nilisalimika. Baiskeli yangu nyeusi, ile ya breki za vyuma na rimu za inchi 28, haikusalimika. Foku, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ilirudi nyuma kiasi kwamba kila nikikata kona ncha ya kiatu inakwaruza madigadi.

Asubuhi nikaikokota hadi kwa fundi mmoja hapa Busia, mji wa mpakani mwa Uganda na Kenya. Mzee akainama, akaitazama, akacheka. "Kijana wangu, hii foku ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Huoni ilivyojikunja mbele chini huku kama kidole? Ngoja nikuwekee iliyonyooka." Akachomoa moja kwenye rundo la mitumba, safi, haina kutu. Ikaingia kwa kubanabana, madigadi ya mbele ikabidi ing'olewe, nikalipa. Nilimwamini. Hapa Busia ndipo neno bodaboda lilipozaliwa miaka ya 1960, watu wakivushwa mpaka kwa baiskeli. Fundi wa mji huu unamtilia shaka vipi?

Siku ya kwanza sikuona kitu, kwa kuwa sikuwa na mzigo na niko kwenye lami. Siku ya pili nikafunga madumu mawili ya maji, lita 20 kila moja, nikaanza kupanda mdogo mdogo. Hapo usukani ukaanza vituko. Ukiugeuza kidogo tu, gurudumu linaanguka upande huo lenyewe, nawe unalivuta lirudi, linaangukia upande wa pili. Nikawa napanda kilima kama mtu aliyetoka kwenye pombe ya malwa. Lakini nikiteremka kwa kasi ilinyooka vizuri sana, na hilo ndilo lililonichanganya, maana kitu kibovu huwa nategemea kiwe kibovu kote.

Basi nikafanya kipimo ambacho wewe pia unaweza kukifanya uani kwako. Simamisha baiskeli wima, gurudumu la mbele limetazama mbele. Chukua ufito ulionyooka, uulaze sambamba na shingo ya fremu, yaani lile bomba fupi ambamo foku inazungukia, uushushe hadi uguse ardhi. Weka alama. Kisha ning'iniza uzi wenye jiwe kutoka katikati ya habu ya mbele, yaani kitovu cha gurudumu, uweke alama ya pili pale unapogusa ardhi. Alama ya uzi itakuwa nyuma ya alama ya ufito. Umbali kati yake ndio unaoamua tabia ya usukani. Ni kama magurudumu ya toroli la dukani: gurudumu hukaa nyuma ya mhimili wake, ndiyo maana hufuata unakolisukuma.

Yangu ilitoa sentimita 10. Ya jirani, baiskeli ya aina ile ile yenye foku yake ya asili, ilitoa 6 na kidogo.

Umbali huo ukiwa mkubwa, baiskeli inashika njia kwenye kasi, lakini ukienda polepole na mzigo, usukani unakuwa mzito na gurudumu linapenda kuanguka. Ukiwa mdogo mno, usukani unakuwa mwepesi hadi unatetemeka. Baiskeli zetu hizi shingo yake imelala sana, pembe ya nyuzi 67 hivi kutoka ardhini. Kwa kuwa shingo imelala, waliozichora wakaikunja foku mbele karibu sentimita 8 ili kurudisha ule umbali mahali pake. Baiskeli ya mashindano ya barabarani shingo yake imesimama, nyuzi 73 hivi, na foku yake inatoka mbele sentimita 4 na nusu tu. Ukipima chini unakuta karibu 5 na nusu, si mbali na ile 6. Shingo na foku ni mke na mume. Fundi wangu aliniozesha mke wa mtu.

Wengi hudai mkunjo ule ni springi ya kulainisha njia. Kidogo, ndiyo, chuma kinanesa. Lakini tairi pana, ambalo halijajazwa upepo hadi likawa kama jiwe, linakulainishia safari kuliko foku yoyote ile. Jambo la pili ni urefu wa baiskeli yenyewe: magurudumu yakiwa mbali, baiskeli haiinami sana gurudumu moja likiruka tuta, na wewe uliye katikati unapata sehemu tu ya mruko ule. Ila kwenye baiskeli zetu unakaa nyuma sana, karibu na gurudumu la nyuma, kwa hiyo vishindo vya nyuma unavipokea kwa sehemu kubwa. Ndiyo sababu kiti chake kina springi nene. Usikibadilishe kwa kiti chembamba cha kuvutia macho, utakuja kunilaumu.

Anayebeba abiria au ndizi aangalie pia vile vyuma viwili vinavyotoka penye mhimili wa pedeli kwenda ekseli ya nyuma. Kwetu ni virefu. Kwenye baiskeli nyingi za mitumba, zile za milimani, vimefupishwa, na ukifunga keria abiria anajikuta amekaa nyuma ya ekseli. Ukipanda kilima, mbele kunakuwa kwepesi, inataka kuinua pua. Vijana wanasema baiskeli ina jini, kumbe ni sentimita chache tu.

Ukienda Sofia, mtaa wa hapa Busia, kununua baiskeli iliyotumika, nenda na uzi mfukoni. Anzia pale ekseli ya nyuma inapokaa upande mmoja, upitishe mbele ya shingo, urudi upande wa pili, uukaze. Pima kutoka uzi hadi bomba la kiti kushoto na kulia. Zikitofautiana zaidi ya milimita 3 hivi, fremu imepinda. Kisha pitisha kidole chini ya shingo, mahali mabomba yanapokutana. Rangi iliyojikunyata au kauvimbe kadogo maana yake iliwahi kugonga kitu uso kwa uso. Na foku iliyochomelewa, hata kwa bei ya chai, iache. Ikikatika haikupi muda wa kuweka mguu chini.

Foku ya aina ya zamani niliipata wiki tatu baadaye, imetolewa kwenye baiskeli iliyooza fremu. Nikapima kwa ufito: 6 na nusu. Yule mzee fundi aliifunga bila kusema neno, nami sikumkumbusha. Ile iliyonyooka iko uani, mama watoto ameifunga kwenye mwembe, anaanikia nguo.