Maswali ya bonsai, miti inayokuzwa ikiwa midogo kwenye chungu: kabla hujabeba jembe kwenda porini

*Nimechimba mgunga Kajiado wiki iliyopita, majani yote yamepukutika. Niweke mbolea gani? (Kitengela)*

Usiweke mbolea yoyote. Ndugu yangu, hujasema mzizi mkuu uliukatia wapi, hujasema kama ulibeba udongo wake, na hili swali nalipata kila msimu kutoka kwa watu wanaochimba kwanza halafu ndio wanauliza. Mgunga unashusha mzizi mmoja chini kabisa kutafuta maji, ile mizizi midogo ya kunywa iko mbali na shina, sasa ukikata futi moja chini umebaki na kigingi. Uweke kivulini pasipo na upepo, mwagilia udongo ukianza tu kukauka, baada ya wiki mbili kwaruza gome kwa ukucha uone kama chini bado ni kijani. Na usiung'oe kuangalia mizizi! Ukifa tafadhali usirudi kuchukua mwingine, mgunga unaota vizuri kwa mbegu, mwagia mbegu maji moto uziache zilale humo mpaka asubuhi.

*Mwezi gani ni mzuri kuchimba?*

Machi mwanzoni, kabla masika hayajaanza. Sio Januari juani.

*Kuna mbuyu mdogo nimeuona Kilifi, naweza kuubeba? (Mtwapa)*

Shamba la nani? Anza hapo. Watu wamesahau haraka sana, 2022 mibuyu mikubwa iling'olewa hukohuko Kilifi ipelekwe nchi ya Georgia, kelele zikapigwa mpaka rais akaagiza kibali kichunguzwe. Huo mdogo ndio wenye thamani zaidi kwa sababu mibuyu michanga mingi inaliwa na mbuzi kabla haijasimama, wewe unataka kuuondoa ule uliopona. Nunua tunda zima sokoni, uvunje, kwangua ganda la mbegu kidogo kwa msasa, loweka usiku kucha, panda. Zile ubuyu nyekundu za dukani hazioti, zimepikwa na sukari. Mbuyu wa chungu unanenepa shina mapema kuliko unavyodhani.

*Nakaa Nairobi, sina shamba wala gari, visiki vya kufanya bonsai nitoe wapi?*

Hili ndilo swali nililokuwa nangoja mtu aulize. Visiki viko kwenye ua wa miti, dada. Kila siku kuna mtu anang'oa ua wa kayaba, ile miti ya miiba, ajenge ukuta wa mawe, na ile kayaba imekatwakatwa kwa panga miaka ishirini, shina limekuwa nene na fupi, kazi ambayo wewe ungeifanya nusu ya maisha. Mimi niliomba visiki vitatu kwa jirani siku mafundi walipofika, nikakata matawi yote nikaacha shina futi moja, nikavaa glavu za ngozi maana ile miiba haina huruma, nikapanda kwenye kreti za mbao. Viwili vilichipua, kimoja kilikufa kwa sababu nilikiosha mizizi yote ikabaki uchi. Bogenvila kuukuu pia usiiache itupwe, inachipua hata kwenye kisiki kitupu. Miti hiyo ilikuwa inaenda jalalani, hujaibia msitu chochote. Msitu wa serikali usiuguse bila kibali cha KFS, shirika la misitu Kenya, sheria ya 2016 inasema hivyo na sitamjibu mtu anayeniuliza njia ya kuikwepa.

*Mtini umeota kwenye ukuta wa nyumba ya zamani Mombasa, nitautoaje?*

Mwombe mwenye nyumba, mara nyingi atafurahi kwa sababu ile mizizi inampasulia ukuta. Tumia tindo pole pole kuondoa chokaa pembeni, usivute. Mizizi itatoka bapa kama mkono uliofunguliwa na huo ndio uzuri wake, uje kuupanda juu ya jiwe. Ukikatika mizizi yote usikate tamaa, mtini unatoa mizizi upya kwenye mchanga wa chembe kubwa ukiufunika na mfuko wa plastiki.

*Udongo gani?*

Mawe mepesi ya volkano, yale ya huko Naivasha, yachekeche utoe vumbi, changanya na mboji kidogo. Ule udongo mweusi unaoshika kama saruji uache hukohuko.

*Nimechimba mzeituni mwitu kwa babu mwezi jana, umeanza kuchipua, nifunge waya wa kupinda matawi sasa?*

Hapana. Hayo majani yametoka kwenye akiba ya shina, mizizi bado. Mwaka mzima usiuguse, wala usikate chipukizi hata moja, wala usiuhamishe chungu.